Kuhesabu Masikio

Ukimwomba fundi wa podikasti akuonyeshe podikasti yenyewe, hakupeleki studio. Anakufungulia faili la maandishi, refu, lililojaa mabano ya pembe, anakwambia: ndiyo hii. Sauti zimehifadhiwa kwenye seva ambayo huenda iko ng'ambo, na picha ya jalada iko pengine kabisa. Kinachovishika vyote pamoja ni hilo faili, ambalo huitwa mlisho. Simu ya msikilizaji hurudi kulisoma mara kwa mara, na ikikuta kipindi kipya inakichukua. Biashara yote ya podikasti, pamoja na matangazo yake na watangazaji wake wenye majina, imesimama juu ya kitendo hicho kimoja.

Watu wanaotunza milisho na seva hizi hawatajwi mwishoni mwa kipindi. Mimi nawaheshimu kwa jambo moja hasa: wakikabidhiwa namba kubwa, kazi yao ya kwanza ni kuipunguza. Ili kuona kwa nini huo ni ufundi na si ukorofi, inabidi kuanza na mlisho wenyewe.

Desemba 2000, mtunzi wa programu wa Marekani, Dave Winer, aliongeza kipengele kimoja kidogo kwenye RSS, mfumo ambao hadi hapo ulikuwa ukibeba hasa vichwa vya habari na viungo. Kipengele hicho kiliuwezesha mlisho kuambatanisha faili la sauti. Aliyekuwa akimsukuma alikuwa Adam Curry, mtangazaji wa zamani wa MTV. Januari 2001 Winer akakijaribu kwa wimbo wa bendi ya Grateful Dead. Ilipofika Julai 2003, huko Cambridge, Massachusetts, mwanahabari Christopher Lydon alianza kurekodi mahojiano ambayo Winer aliyapitisha kwenye mlisho wa namna hiyo. Juni 2005 Apple ikaziingiza podikasti ndani ya iTunes, na katika siku mbili tu watu wakajiunga nazo mara milioni moja. Kampuni nyingi zimeanzishwa na kufungwa tangu wakati huo. Kipengele kile kimebaki na mambo yake matatu: anwani ya faili, ukubwa wake kwa baiti, na aina yake.

Msogelee fundi anapoandaa kipindi kimoja uone anachunga nini. Kwanza kichwa. Kama mwenye podikasti ameandika “Mama & Mwana”, alama hiyo ya katikati haiwezi kuachwa hivi hivi, kwa sababu katika lugha ya mlisho ina kazi nyingine. Lazima iandikwe kwa njia yake maalumu, la sivyo programu inayosoma inagota hapo na kulikataa faili zima, vipindi vya miaka mitano nyuma vikiwemo. Siku hizi mitambo mingi hurekebisha yenyewe, lakini fundi bado huitafuta alama hiyo kwa jicho.

Kisha muda wa kutoka. Saa kumi na mbili asubuhi ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huandikwa 06:00:00, na mbele yake +0300, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia. Ukiweka +0000 kwa kusahau, kipindi ulichokiandalia abiria wa daladala wa alfajiri kitatoka saa tatu kamili, watu wakiwa wameshafika kazini.

Halafu kuna kitambulisho. Kila kipindi hupewa chake, mfuatano wa herufi na tarakimu usio na maana kwa msomaji, na simu hukitumia kujua imeshakichukua kipindi hicho au bado. Unaweza kusahihisha kichwa, kubadili maelezo, hata kuweka sauti mpya baada ya kugundua kikohozi dakika ya nne. Kitambulisho hakiguswi. Kikiguswa kwa vipindi vyote kwa mpigo, simu nyingi zitaamini kwamba vya zamani vyote ni vipya na kuanza kuvishusha upya. Bando la msikilizaji linakwisha kwa kitu alichokwisha kukisikia, na asubuhi takwimu zinaonyesha ongezeko la ajabu. Mwenye podikasti anashangilia, wakati fundi ameshaanza kutafuta nani aligusa vitambulisho.

Kazi ya seva nayo ina adabu zake. Simu inapokuja kuuliza kama kuna jipya, seva iliyotunzwa vizuri haiimwagii mlisho wote. Inajibu kwa namba 304, maana yake: hakuna kilichobadilika tangu ulipokuja mara ya mwisho. Jibu hilo halina mzigo. Kwa podikasti yenye vipindi mia tatu vyenye maelezo marefu, tofauti kati ya kujibu 304 na kurudisha faili zima kila saa ni megabaiti nyingi kwa mwezi, na kwetu megabaiti zina bei. Vivyo hivyo kwenye sauti. Mazungumzo ya watu wawili yakihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, nusu saa inakaribia megabaiti 29. Yakihifadhiwa kwa kilobiti 64, kwa mkondo mmoja wa sauti, yanashuka hadi kama megabaiti 14 na nusu, na masikio mengi hayatagundua. Fundi anayechagua 64 amemwekea akiba msikilizaji asiyemjua.

Kipimo cha juu cha kazi hii ni kuhama. Podikasti inapotoka kampuni moja ya kuhifadhi kwenda nyingine, mlisho unapata anwani mpya, na simu zote zilizojiunga zinaijua ile ya zamani. Fundi huacha kwenye anwani ya zamani jibu la 301, linalosema kwamba tumehama moja kwa moja, na ndani ya mlisho mpya huweka mstari unaotaja makazi mapya. Kisha husubiri. Apple hushauri uelekezaji huo uachwe kwa angalau wiki nne, kwa kuwa kuna simu zilizozimwa na nyingine zisizo na bando hadi mwisho wa mwezi. Vitambulisho vyote vinahamishwa jinsi vilivyo, herufi kwa herufi. Kuhama kukienda sawa, msikilizaji wa Tabora anasikia kipindi cha wiki ijayo kama kawaida, na hatajua kamwe kwamba chini yake kila kitu kimebadilishwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye takwimu, na kwenye ofisi moja ndogo ya Kijitonyama ambako kijana mwenye podikasti ya soka alimletea fundi wake kompyuta akiwa na furaha.

“Dada, hebu ona. Nimepata watu Marekani. Mji unaitwa Ashburn. Wananisikiliza kuliko Mwanza.”

Dada yule akaangalia, akacheka kwa upole. “Mdogo wangu, Ashburn hakuna mtu anayekusikiliza. Hizo ni mashine.”

Ashburn ni mji wa Virginia uliojaa majengo ya seva, zikiwemo za Amazon, na programu nyingi zinazozunguka intaneti zikikusanya na kukagua mafaili huishi humo. Kila inapopita mojawapo na kuchukua kipindi, daftari la seva linaandika mstari, sawasawa na linavyoandika simu ya shabiki wa Simba aliyeko Ilala. Dada akalifungua hilo daftari ghafi. Kila mstari una anwani ya IP ya aliyeomba, saa, jina la faili, namba ya jibu, baiti zilizotoka, na utambulisho wa programu iliyoomba. Akaanza kufuta mbele ya macho ya kijana.

Kwanza zikaondoka mashine zinazojitaja majina, na zile zinazotoka kwenye anwani za vituo vya seva. Kisha maombi yanayouliza habari za faili bila kulichukua. Halafu akaonyesha mstari mmoja wa kuchekesha: simu ya Apple imeliomba faili la kipindi, na seva imetoa baiti mbili. Mbili tu. Ni desturi ya programu ya Apple kuonja hivyo kwanza, ili ijue kama seva inakubali kutoa faili kwa vipande, ndipo ianze kuchukua kwa kweli. Kaunta isiyojua desturi hiyo inahesabu wasikilizaji wawili. Chini yake ikafuata mistari tisa ya simu ile ile, kila mmoja na jibu la 206, yaani kipande: mtu anasikiliza huku faili likishuka kidogo kidogo, anaruka tangazo, anarudi nyuma. Mistari tisa, mtu mmoja. Dada akaifunga kuwa moja.

Hakuwa akibuni kanuni zake. Ofisi ya viwango ya wafanyabiashara wa matangazo ya mtandaoni, IAB Tech Lab, iliweka mwongozo wa kupima podikasti, na toleo la pili la mwaka 2017 ndilo lililoshika. Linasema: maombi kutoka anwani moja ya IP na programu ya utambulisho mmoja, kwa kipindi kimoja ndani ya saa 24, yahesabiwe mara moja. Na upakuaji usihesabiwe mpaka kiasi kinachotosha kucheza dakika moja kiwe kimeshuka.

Dakika moja inasikika kama kipimo chepesi, lakini faili la MP3 huanza na lebo, na ndani ya lebo mara nyingi kuna picha ya jalada. Kwa sauti ya kilobiti 64, dakika moja ni baiti 480,000. Picha ya kilobaiti 900 iliyopachikwa mwanzoni ina uzito wa karibu dakika mbili za maneno. Anayepima kwa baiti bila kuitoa lebo atamhesabu mtu ambaye simu yake imeshusha picha tu, sauti haijaanza. Ndiyo maana mwongozo unataka lebo ihesabiwe kando, dakika ianzie baada yake. Fundi mwenye bidii huipunguza na picha yenyewe, maana nayo inalipiwa na msikilizaji.

Baada ya kazi hiyo namba ya kijana ilikuwa imesinyaa sana. Akanyamaza, kisha akauliza kwa nini mwezi uliopita ilikuwa kubwa, ilhali watu mitaani wanamwambia wanasikiliza zaidi. Swali hilo wenzake wa nchi zote wanaliuliza, na majibu mara nyingi hayako kwenye podikasti yao. Mwaka 2020 iligundulika kwamba saa za mkononi za Apple zilikuwa zikishusha nakala ya pili ya kipindi ambacho simu imeshakishusha. Kampuni za kupima zikaagizwa kuzichuja, na namba zikashuka bila msikilizaji hata mmoja kuondoka. Septemba 2023, toleo la iOS 17 likabadilisha tabia nyingine. Zamani, mtu aliyeacha kusikiliza kwa muda akirudi, simu yake ilishusha vipindi vyote alivyovikosa, asikilize asisikilize. Apple ikauzima mtindo huo. Podikasti zenye vipindi vingi, hasa za habari za kila siku, zikaona namba zikianguka, na wenyewe wakadhani wamekimbiwa. Kilichokimbia ni mafaili ambayo hakuna aliyeyafungua.

Kwetu kuna fumbo jingine, na hili linapunguza pasipostahili. Anwani za IP za mfumo wa zamani hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, kwa hiyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Chukua wanafunzi wawili wa bweni moja, wote wana Tecno za modeli moja, programu moja, laini za mtandao mmoja. Wakishusha kipindi kile kile siku moja, kanuni ya anwani na utambulisho inaweza kuwaona kuwa mtu mmoja. Wakati huo huo, mfanyakazi anayeanza kusikiliza kwa Wi-Fi ya ofisini na kumalizia kwa bando lake ndani ya basi amebadili anwani njiani, na anaweza kuhesabiwa wawili. Ramani nayo hudanganya: msikilizaji wa Mwanza huonekana yuko Dar es Salaam kama trafiki ya mtandao wake inatokea huko, na mwenye VPN aliyekaa Zanzibar huonekana Uholanzi.

Kuna na wale wasioandikwa popote. Kipindi kikishashuka kwenye simu moja, kinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kinahamishwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kinachezwa kwenye spika ya duka la vinyozi. Seva ya mwenye podikasti iliona ombi moja. Vijana wengi hulalamika juu ya jambo hili wakitaka mlisho “urekebishwe” ili uwaone watu hao.

Lakini mlisho haujaharibika. Uko kama ubao wa matangazo nje ya ofisi ya serikali ya mtaa: anayepita anasoma, wala haandikishi jina. Hakuna kampuni iliyomiliki mlango, ndiyo maana mtu yeyote aliweza kutengeneza programu ya kusikilizia bila kuomba ruhusa, na mwenye podikasti aliweza kuhama na wasikilizaji wake wote. Huduma zinazotaka usikilize ndani ya jukwaa lao wenyewe, kama Spotify na YouTube, zinajua vizuri zaidi: nani aliingia, aliachia dakika ya ngapi. Zinajua kwa sababu msikilizaji yuko ndani ya nyumba yao, na takwimu wanazokupa ni za nyumba hiyo peke yake. Ugumu wa kuhesabu kwenye mlisho ulio wazi umetoka mahali pale pale ulikotoka uhuru wake. Fundi ninayemsifu anakubali ugumu huo. Angeweza kumfuata msikilizaji kwa vifuatiliaji. Yeye anachagua kusafisha alichonacho na kusema wazi namba inaishia wapi.

Hata vipimo vya pembeni anavipokea kwa masharti. Kuna huduma zinazokuomba uweke anwani yao mbele ya anwani ya sauti yako, ili kila ombi lipite kwao, liandikwe, kisha lielekezwe kwenye faili. Ni njia nzuri ya kupata hesabu ya mtu wa tatu, lakini umeongeza mlango ambao ukifungwa, sauti haifiki. Chartable, iliyotumiwa na wengi, ilinunuliwa na Spotify mwaka 2022 na kufungwa Desemba 2024, na kila mlisho uliobeba anwani yake ulihitaji kusafishwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 John Spurlock alianzisha OP3, kipimo cha namna hiyo hiyo ambacho programu yake iko wazi na takwimu zake zinaonekana na kila mtu. Anayetaka kujua imehesabuje anaweza kusoma kanuni zenyewe. Nadhani huko ndiko ufundi huu unakofaa kuelekea: si namba kubwa zaidi, ila namba ambayo jirani anaweza kuirudia akapata ile ile.

Yule dada wa Kijitonyama hakumrudisha kijana nyumbani na huzuni tu. Alimpangia kazi. Asilinganishe jumla ya podikasti nzima mwezi kwa mwezi, kwa kuwa vipindi vya zamani vinaichafua. Alinganishe kipindi kwa kipindi, siku saba za kwanza kwa siku saba za kwanza, kisha siku thelathini kwa siku thelathini. Namba ikipanda ghafla, aangalie kwanza utambulisho wa programu na vitambulisho vya vipindi kabla ya kumpigia mdhamini simu. Ikishuka ghafla, aulize kama Apple au mtandao wa simu umebadilisha kitu wiki hiyo. Anunue jina lake la mtandao, mlisho ukae juu yake, ili siku ya kuhama asimwombe mtu. Na kwa mdhamini apeleke namba iliyosafishwa, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyosafishwa, hata kama mshindani wake anapeleka ghafi iliyo kubwa mara tano. Mdhamini akija kupima kwa msimbo wa punguzo na kuona nani kweli alinunua, namba ghafi ndiyo itakayomwaibisha mwenyewe.

“Sasa nitajuaje kama walisikiliza hadi mwisho?” kijana akauliza.

“Hilo mlisho haulijui, na mimi siwezi kukuuzia,” akajibu. “Weka swali dakika ya mwisho. Waambie wakutumie jibu WhatsApp. Halafu uhesabu majibu.”